Askofu Samuel Ajayi Crowther: Mtumishi Aliyevunjwa Moyo Lakini Hakuacha Kazi



Katika toleo hili tunawaletea habari za maisha ya mtu wa Mungu aliyefariki zamani, lakini ambaye maisha yake yanafanana kwa mambo mengi na ya kwetu sisi tulioacha nyumba zetu. Jina lake ni Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Tumemchagua yeye kwa sababu moja. Wengi humsimulia kama mtu wa mafanikio, yaani mtumwa aliyefanywa askofu. Hilo ni kweli, lakini wanaosimulia hivyo hukatisha habari kabla ya mwisho. Miaka ya mwisho ya huduma yake ilikuwa ya machungu, na machungu hayo hayakuletwa na wapagani wala na wauza watumwa, bali na watu wa kanisa lake mwenyewe.

Tunajua kwamba kati yetu wapo waliovunjika moyo katika huduma. Wapo wachungaji waliokuwa na makanisa ya matofali kule nyumbani, na leo hawaitwi hata kufungua ibada kwa sala. Wapo wainjilisti waliokusanya watu chini ya mti mwaka ule wa kwanza tulipofika, na kanisa lilipopata turubai na benchi, wengine wakapewa uongozi. Wapo walimu wa kwaya, akina mama wa maombi na wazee wa kanisa waliorudi nyuma kimya kimya. Kwa ajili yao hasa tumeandika habari hii.

KIJANA ALIYEPOTEZA KWAO

Ajayi alizaliwa karibu mwaka 1809 katika mji wa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Kwa desturi ya Wayoruba, jina la Ajayi hupewa mtoto aliyezaliwa uso ukiwa umeelekea chini. Alikua kama watoto wengine wa kijijini, akiwa na baba, mama na dada zake.

Mwaka 1821, asubuhi moja wakati chakula kilikuwa bado kinatayarishwa, habari zilienea kwamba adui wameuzingira mji. Baba yake alikuja mbio kuwaambia wakimbie, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Mama alijaribu kukimbia na watoto, lakini njia zote zilikuwa zimejaa watu waliokuwa wakikimbia pia, wengine wakianguka na wengine wakiita watoto wao. Walikamatwa, wakafungwa kamba shingoni, wakapelekwa wakiwa msururu mmoja. Walipogeuka nyuma waliuona mji wao ukiwaka moto.

Wasomaji wetu, hatuna haja ya kueleza sana jambo hili. Wengi wenu mmeliona kwa macho yenu.

Muda si mrefu akatenganishwa na mama yake na dada zake. Kijana huyo wa miaka kama 12 aliuzwa mara kadhaa. Mara moja alibadilishwa kwa farasi. Kila alipouzwa alisogezwa karibu zaidi na bahari, naye aliogopa sana kuuzwa kwa Wazungu, hata akafikia kutamani kufa. Mwisho alifikishwa Lagos, na mwaka 1822 akapakiwa katika meli ya Wareno pamoja na wenzake zaidi ya 180.

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1822, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa ziliikamata meli ile. Ajayi hakujua kwamba ameokolewa. Alidhani ameangukia mikononi mwa wabaya wengine tu. Ilichukua muda kuelewa kwamba amekuwa huru.

MAISHA MAPYA FREETOWN

Waliookolewa walipelekwa Sierra Leone, kwenye mji wa Freetown na vijiji vilivyouzunguka. Mahali pale palijaa watu wa makabila na lugha nyingi, wote wakiwa wameng'olewa kwao. Huku kwetu Afrika Mashariki palikuwa na mahali kama pale. Mwaka 1875, karibu na Mombasa, shirika la misheni la CMS lilianzisha Freretown kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Ni shirika hilo hilo la CMS lililomsomesha Ajayi.

Alitamani sana kusoma. Kwa muda wa miezi kama sita aliweza kusoma Agano Jipya, na pia alifundishwa useremala. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akachukua jina la Samuel Crowther, ambalo lilikuwa la kasisi mmoja wa Uingereza. Mwaka 1827 chuo cha Fourah Bay kilipoanzishwa kwa ajili ya kuwafundisha Waafrika watakaokuwa walimu na watumishi, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa. Alimwoa Susan, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Asano. Naye pia aliokolewa kutoka katika meli ya watumwa, na alikuwa mwalimu. Mungu aliwajalia watoto.

Tuone jambo moja hapa. Crowther hakungoja arudi kwao ndipo aanze kumtumikia Mungu. Alianza pale pale alipotupwa. Alifundisha shule, alijifunza lugha za majirani zake, na akaanza kuichunguza lugha yake ya Kiyoruba na kuiandika. Kama angesema kwamba Freetown ni mahali pa kupita tu, hayo yote yasingekuwapo.

SAFARI ILIYOSHINDWA

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli kupanda mto Niger. Shabaha ilikuwa kufanya mapatano na wafalme waache kuuza watu, na badala yake wafanye biashara ya mazao. Crowther alichaguliwa kwenda pamoja na mmisionari mmoja Mjerumani, jina lake Schön. Safari hiyo ilitangazwa sana, na watu walikuwa na matumaini makubwa.

Ilikuwa ni hasara. Wazungu 145 walikwenda, karibu wote wakashikwa na homa, na zaidi ya 40 walikufa. Meli zilirudi zikiwa zimebeba wagonjwa. Wengi huko Uingereza walisema mto Niger usiguswe tena.

Lakini Mungu alifungua jambo jingine katika hasara hiyo. Schön aliandika kwa viongozi wa CMS kwamba kama Injili itafika ndani ya Afrika, itapelekwa na Waafrika wenyewe, na kwamba Crowther anafaa kuandaliwa. Crowther aliitwa Uingereza akasoma, na mwaka 1843 akawekwa wakfu kuwa kasisi huko London. Mwaka huo huo kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiyoruba kilichapishwa.

KUNGOJA BADAGRY, KISHA MAMA

Mwanzoni mwa mwaka 1845 Crowther na familia yake walifika Badagry, mji wa pwani, wakiwa pamoja na wamisionari Townsend na Gollmer. Nia yao ilikuwa kwenda bara mpaka Abeokuta. Huko waliishi Wayoruba wengi waliokuwa wamekimbia vita, na wengi waliookolewa kama Crowther walikuwa wameanza kurudi huko. Chifu mkuu wa Abeokuta, Sodeke, alikuwa amewakaribisha.

Mara wakapata habari kwamba Sodeke amekufa. Vita vikafunga barabara. Wakakaa Badagry karibu mwaka mmoja na nusu, wakiwa karibu na mahali walipotumwa lakini hawawezi kufika. Hawakukaa bure. Walijenga, wakahubiri, wakafungua shule, na Crowther akaendelea na kazi ya kutafsiri Maandiko. Njia ilipofunguka mwaka 1846, ndipo wakapanda kwenda Abeokuta.

Hazikupita wiki nyingi. Tarehe 21 Agosti 1846, mama mzee aliletwa mlangoni kwake. Alikuwa mama yake mzazi. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 25. Walishikana, wakatazamana, na kwa muda hawakuweza kusema neno. Mama alitetemeka, machozi yakawatoka wote wawili. Yeye na dada zake Crowther walikuwa hai, baada ya kupita katika mikono ya mabwana wengi.

Tarehe 5 Februari 1848 mama huyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa Abeokuta. Akaitwa Hana, kwa kuwa alikuwa mama wa Samweli.

Tunajua kwamba si kila aliyetengana na mama yake atamwona tena hapa duniani. Hatutaki kumdanganya mtu. Crowther mwenyewe hakumpata baba yake. Alipewa mmoja, na mwingine hakurudishiwa, naye aliishi na yote mawili, yaani shukrani na huzuni.

KAZI YA MTO NIGER NA HASARA ZAKE

Mwaka 1851 alikwenda tena Uingereza, akakutana na wakubwa wa serikali na hata Malkia Victoria pamoja na mumewe Prince Albert, akawaeleza habari za nchi yake na biashara ya watumwa. Mwaka 1854 alipanda tena mto Niger pamoja na daktari Baikie. Safari hii walimeza kwinini kila siku, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyekufa. Kwa hiyo lile lililoshindikana mwaka 1841 likawezekana miaka 13 baadaye.

Mwaka 1857 kazi ya misheni ya Niger ilianza. Waliohubiri na kufundisha walikuwa Waafrika, wengi wao watoto wa watu waliookolewa Sierra Leone. Huko Onitsha aliachwa kasisi John Christopher Taylor, ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo, na Crowther akaandika kitabu cha kwanza cha kujifunzia kusoma Kiigbo. Mwaka huo huo meli yao, Dayspring, iligonga miamba karibu na Jebba ikaharibika, nao wakakaa kambini ukingoni mwa mto.

Mwaka 1862 moto uliteketeza nyumba yake Lagos pamoja na maandishi mengi aliyokuwa ameyakusanya. Mtu aliyeandika kwa mkono, usiku, kwa mwanga wa taa, anajua uchungu wa kuona karatasi zake zimekuwa majivu. Akaanza tena. Kazi ya kutafsiri Biblia katika Kiyoruba, aliyoianza kwa kitabu cha Warumi kilichochapishwa mwaka 1850, aliifanya pamoja na wenzake kwa zaidi ya miaka 30, na Biblia nzima ikapatikana katika miaka ya 1880.

KUWEKWA ASKOFU

Katibu mkuu wa CMS wakati huo alikuwa Henry Venn. Yeye aliamini kwamba kanisa la Afrika liwe na viongozi wake, lijitegemee kwa fedha na lieneze Injili lenyewe. Alimtaka Crowther awe askofu. Crowther alikataa kwanza, akiona hastahili, lakini Venn aliendelea kumsihi mpaka akakubali. Tarehe 29 Juni 1864 alivikwa uaskofu katika kanisa kuu la Canterbury, mbele ya umati mkubwa. Chuo Kikuu cha Oxford kikampa shahada ya udaktari wa theolojia.

Hata hapo palikuwa na mwiba. Wamisionari wa Kizungu katika nchi ya Wayoruba, akiwamo Townsend aliyesafiri naye tangu Badagry, hawakukubali kuwa chini ya askofu Mwafrika. Kwa hiyo Abeokuta, Lagos na Ibadan, miji ambayo watu wake walizungumza lugha ya mama yake, haikuwekwa mikononi mwake. Alipewa mto Niger na nchi za mbali. Akaenda huko alikopewa.

Kule kazi ilikuwa ngumu. Mwaka 1867 chifu mmoja karibu na Idah, jina lake Abokko, alimkamata yeye na mwanawe Dandeson, akadai fidia kubwa. Mwakilishi wa serikali ya Uingereza aliyekwenda kuwatoa alichomwa mshale akafa. Huko Bonny, katika miaka ya 1870, Wakristo wengi walikuwa watumwa wa matajiri wa mji, na waliteswa sana. Mwaka 1875 mmoja wao, Joshua Hart, aliuawa kwa kuwa alikataa kula vyakula vilivyotolewa kwa miungu. Pamoja na hayo kanisa la Bonny lilikua, na baadhi ya machifu nao wakaamini.

MIAKA YA MACHUNGU

Henry Venn alifariki mwaka 1873. Waliomfuata hawakuwa na mawazo kama yake. Pia nyakati zilibadilika. Dawa ya kwinini iliwafanya Wazungu waweze kuishi mtoni, makampuni ya biashara yakaongezeka, na mataifa ya Ulaya yakaanza kugawana Afrika. Wengi wakaanza kusema kwamba Mwafrika hawezi kuongoza.

Lazima tuseme ukweli wote. Palikuwa na makosa katika misheni ya Niger. Baadhi ya watumishi walifanya biashara kuliko kuhubiri, wengine waliishi maisha yasiyofaa, na huko Onitsha binti mmoja wa nyumbani alipigwa hata akafa na watu waliohesabiwa kuwa wa misheni. Crowther alikuwa mpole mno katika kuadhibu. Vituo vyake vilikuwa mbali, naye kwa miaka mingi hakuwa na meli yake, akategemea meli za wafanya biashara ambazo zilipanda mto wakati wa maji mengi tu. Mambo mengi mabaya yalimfikia yakiwa yamechelewa. Upole ni tunda la Roho, lakini mchungaji asiyefuatilia kundi lake hulifungulia mlango adui. Hilo nalo tujifunze.

Lakini jinsi makosa yale yalivyoshughulikiwa ilikuwa ni jambo jingine. Meli ya misheni ilipopatikana mwaka 1878, usimamizi wake na wa mambo ya fedha alipewa mtumishi wa Kizungu, si askofu. Taarifa mbaya juu ya watumishi wake iliandikwa ikapelekwa London bila yeye kuonyeshwa kwanza. Mwaka 1880 mkewe Susan alifariki, naye akabaki na mizigo hiyo bila mwenzake wa miaka yote.

Kisha wakaja wamisionari vijana kutoka Uingereza, akiwamo Graham Wilmot Brooke, aliyekuwa na miaka kama 25, na J. A. Robinson. Walikuwa watu wa maombi, wenye bidii, tena walioacha raha za kwao kwa ajili ya Kristo. Lakini waliwatazama watumishi Waafrika wakaona uovu mtupu. Katika mkutano wa Onitsha wa mwezi Agosti 1890, mbele ya askofu mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyekuwa mwenyekiti wao, waliwasimamisha kazi makasisi na watumishi kadhaa. Mmoja wa waliosimamishwa alikuwa Dandeson, mwana wa askofu, aliyekuwa archdeacon wa Delta. Crowther alipinga, kwa kuwa kumsimamisha kasisi ni kazi ya askofu. Hawakumsikiliza. Mzee akajiuzulu katika kamati ile, akatoka.

Tufikirie hali hiyo. Miaka zaidi ya 60 katika Kristo, miaka zaidi ya 40 katika ukasisi, miaka 26 katika uaskofu, halafu vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipowekwa kasisi wanamwambia kwamba kazi yake yote ni mbovu.

Alifanya nini? Kwanza, hakunyamaza kana kwamba hakuna kosa lililotendeka. Alisema wazi na kuandika barua kwa utaratibu. Pili, hakuacha kanisa wala hakuwaita watu wamfuate waanzishe dhehebu lingine, ingawa wengi katika Lagos na Delta walikuwa na hasira na wangemfuata. Tatu, alitafuta njia ya kazi kuendelea. Alianza kupanga na makanisa ya Delta jinsi ya kujitegemea kwa fedha zao wenyewe, wakibaki ndani ya Kanisa la Anglikana na chini ya viongozi wao Waafrika.

Mpango huo hakuuona ukitimia. Mwaka 1891 alipatwa na kiharusi, na tarehe 31 Desemba 1891, siku ya mwisho ya mwaka, akafariki huko Lagos. Kama Musa, aliiona nchi kutoka mlimani, asiingie.

YALIYOFUATA BAADA YA KUFA KWAKE

Mahali pake pa uaskofu aliwekwa Mzungu, na Waafrika waliowekwa mwaka 1893 walikuwa maaskofu wasaidizi tu. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla Mwafrika mwingine katika Nigeria hajapewa dayosisi yake katika Kanisa la Anglikana. Mtu aliyeangalia mwaka ule wa 1891 angesema kazi ya Crowther imezikwa pamoja naye.

Lakini mwaka 1892 makanisa ya Delta yalianza kujitegemea chini ya Dandeson, yule yule aliyesimamishwa. Yalilipa watumishi wao wenyewe na kuendelea kukua. Biblia ya Kiyoruba iliendelea kusomwa nyumba kwa nyumba, na jinsi alivyoiandika lugha ile iliwasaidia wote waliofuata. Kanisa la Anglikana la Nigeria limekuwa miongoni mwa makubwa kuliko yote ya Anglikana duniani.

Na tarehe 29 Juni 2014, ikiwa ni miaka 150 kamili tangu Crowther alipowekwa askofu, ibada ya shukrani na toba ilifanyika katika kanisa kuu lile lile la Canterbury. Askofu mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, aliomba radhi mbele ya watu kwa jinsi kanisa lilivyomtendea Crowther. Toba hiyo ilikuja miaka zaidi ya 120 baada ya mzee kuzikwa. Haki ilichelewa, lakini ilitamkwa, tena na kanisa lenyewe.

TUNAJIFUNZA NINI SISI

Wapendwa, hatukuandika habari hii ili kila aliyevunjika moyo ajione kuwa Crowther na wengine wote ni watesi wake. Inawezekana tumeondolewa kwa sababu tulikosea. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujihoji mbele za Mungu. Kama kuna kosa la kweli, tulikiri na tutengeneze, hata kama aliyetuonyesha alituonyesha kwa ukali.

La pili, kama tumeonewa, tuseme kwa utaratibu. Twende kwa mzee wa kanisa, twende kwa mchungaji, tuandike kwa viongozi wa juu ikibidi. Tusiseme kisimani wala kwenye foleni ya mgao wa chakula, ambako neno moja hugeuka kumi kabla ya jioni. Hapa katika makazi yetu tumeona makanisa yakigawanyika, watu wa kijiji kimoja wakikataa kusalimiana, na watoto wakikatazwa kuimba pamoja. Adui aliyetufukuza makwetu hakuweza kutugawa hivyo. Tusimsaidie.

La tatu linawahusu vijana na wale wanaopewa uongozi leo. Brooke na Robinson walimpenda Mungu, lakini bidii yao bila heshima kwa mzee iliumiza kanisa kwa miaka mingi. Wote wawili walifariki muda mfupi baada ya mkutano ule, Robinson mwaka 1891 na Brooke mwaka 1892, wala hawakupata muda wa kujenga walichotaka. Kijana, ukikuta kazi ya mzee ina dosari, kaa naye kwanza. Muulize alianzaje, alipita wapi, alilipa gharama gani. Baada ya hapo ndipo mtengeneze pamoja.

La nne, tufanye kazi iliyo mbele yetu. Crowther alifundisha Freetown, alijenga Badagry alipozuiwa, aliandika upya baada ya moto, akapanga mambo ya Delta baada ya kuaibishwa. Aliyenyimwa mimbari bado anaweza kumfundisha mtoto wa jirani kusoma Biblia. Aliyeondolewa katika kwaya bado anaweza kumtembelea mgonjwa. Hakuna kamati inayoweza kumsimamisha mtu asiombe.

Tunaomba kila familia isome habari hii pamoja, na wiki hii imkumbuke mtumishi mmoja aliyerudi nyuma kwa kuvunjika moyo. Msimtaje tu katika maombi. Nendeni nyumbani kwake, mkae naye, mmsikilize, msifanye haraka ya kumshauri. Huenda akawaeleza mambo ambayo kanisa lilipaswa kuyasikia siku nyingi.

Na wewe mwenyewe uliyevunjika moyo, ukiisoma karatasi hii peke yako, ujue hatujakusahau. Rudi Jumapili. Nafasi yako iko.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote. Amina.